Mifano ya Yesu kwenye ngazi za Pipeline

Katika Injili ya Luka, sura ya 11, umo mfano mfupi ambao vitabu vya ufafanuzi wa Biblia huutolea maelezo marefu. Mtu anamwendea rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu, kwa sababu amefikiwa na mgeni na nyumbani hamna kitu. Rafiki anakataa. Mlango umekwisha kufungwa, anasema, na watoto wamelala pamoja naye. Msomaji aliyezoea nyumba ya sebule na vyumba vitatu hubaki akijiuliza ugumu uko wapi. Si ainuke tu, afungue, atoe mikate?

Mtaani Pipeline, Nairobi, swali hilo halimjii mtu. Chumba ni cha futi kumi kwa kumi. Pazia limekigawa mara mbili: nyuma yake kitanda cha wazazi, mbele yake jiko la gesi, runinga na mitungi ya maji iliyopangwa ukutani. Ikifika saa nne usiku meza inasukumwa kando, godoro linatandikwa sakafuni na watoto wanalala vichwa vikielekea mlangoni. Anayetaka kufungua saa sita usiku lazima alivute godoro pamoja na waliolala juu yake, awashe taa, kisha avute komeo la chuma ambalo mlio wake unasikika hadi mwisho wa korido. Rafiki wa kwenye Injili hakuwa mchoyo kupita kiasi. Alikuwa na hesabu ya kupiga, na kila mpangaji wa Pipeline anaijua hesabu hiyo.

Pipeline iko Embakasi Kusini, kando ya Outering Road, jirani na Mukuru kwa Njenga, Kware, Tassia na Fedha. Ploti za ghorofa saba, nane na zaidi zimebanana kiasi kwamba vyumba vya chini huwashwa taa adhuhuri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi, na hata bila kuiona takwimu hiyo, yeyote aliyepita Pipeline jioni wakati watu wanatoka kazini anajua kwamba wengi wamejipata hapa. Makanisa nayo ni mengi. Kuna ya mabati, kuna yaliyokodi ukumbi juu ya maduka, kuna yanayoazima madarasa ya shule siku ya Jumapili, na vipaza sauti vyao hujibizana kutoka ploti hadi ploti. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane kati ya kumi ni Wakristo.

Kwa hiyo mhubiri wa Pipeline ana bahati ambayo mara nyingi haitumii. Yesu alifundisha kwa visa vya chachu, taa, mbegu, wavu wa samaki, madeni, harusi, hakimu dhalimu na mwana aliyeondoka na urithi. Ukiipitia mifano hiyo yote, utakuta ni mmoja tu unaotokea hekaluni, ule wa Mfarisayo na mtoza ushuru. Mingine iko shambani, barabarani, jikoni, karamuni au mahakamani. Wasikilizaji wake wa Galilaya walikuwa wakulima wadogo, wavuvi, vibarua na watu wenye madeni. Wangehamishiwa Nairobi ya leo, wengi wao wangepanga Eastlands, upande wa mashariki wa jiji.

Hata hivyo, si ajabu kukaa ibada nzima mtaani humu ukasikia visa vya rubani wa ndege, mfalme wa Uingereza na mkulima wa Texas, vilivyotolewa kwenye vitabu vya mahubiri vya Marekani. Wasikilizaji hucheka panapotakiwa kucheka. Kisha wanarudi ploti, na kisa kinabaki ukumbini pamoja na viti vya plastiki.

Njia nyingine ipo, na ina historia yake hapa hapa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kazi ya kanisa. Tangu hapo waumini hukutana majumbani, familia chache za ujirani mmoja, wakasoma Injili ya Jumapili inayokuja na kuulizana inagusa nini katika maisha yao. Wengi hufuata utaratibu wa hatua saba uliotungwa katika Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: maandiko husomwa, watu hukaa kimya, kisha kila mmoja husema neno lililomgusa. Hakuna hotuba. Makanisa mengine nayo yana ushirika wa majumbani wa katikati ya wiki, na huko ndiko kisa cha bei ya unga, mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo au mume aliyeachishwa kazi kinapokutana na sura na aya.

Wapo pia waliolifanyia utafiti jambo hili. Padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll aliishi miaka mingi kati ya Wasukuma wa Tanzania akikusanya methali na hadithi zao, na pamoja na padri mwenzake Joseph Healey wakaandika kwa Kiswahili kitabu Kueneza Injili kwa Methali. Mwaka 1996 wawili hao wakachapisha Nairobi kitabu cha Kiingereza, Towards an African Narrative Theology. Hoja yao kuu ni kwamba Mwafrika hakungoja vitabu vya falsafa ili kumfikiria Mungu. Alimfikiria kwa hadithi na methali, na mwalimu wa dini asiyejua hadithi za watu wake anafanya kazi kwa mkono mmoja.

Sasa tuziweke hadithi hizo Pipeline tuone zinavyofanya kazi, na mahali zinapogoma.

Kabla ya jua kuchomoza watu hushuka ngazi kwa mamia kuelekea Eneo la Viwanda. Wengi hutembea, kwa kuwa nauli ya matatu ya kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa ya ujira. Wanapita Mukuru kwa Njenga, wanatokea Lunga Lunga au Enterprise Road, na mbele ya mageti wanasimama kungoja. Msimamizi hutoka, akatazama, akaonyesha kidole: wewe, wewe, na yule. Geti linafungwa. Waliobaki huenda geti jingine, au mjengoni kuuliza kama kuna mahali pa kubeba kokoto. Kufika saa nne asubuhi, aliyekosa anajua kuwa amekosa.

Mathayo 20 inasimulia tukio hili hili. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wakapatana dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwishowe saa kumi na moja jioni. Wayahudi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama Waswahili, kwa hiyo msomaji wa Pipeline hahitaji kugeuza saa kichwani: saa kumi na moja ni saa kumi na moja, kazi inakaribia kufungwa. Anawakuta watu wamesimama na kuwauliza mbona hawana kazi. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jioni wote wanalipwa dinari moja, wa mwisho wakitangulia, na wa alfajiri wananung'unika.

Mimbarini mfano huu kwa kawaida huelezwa kuwa ni habari ya mtu aliyeokoka uzeeni: naye atauona ufalme sawa na aliyeokoka akiwa kijana. Tafsiri hiyo haina kosa. Lakini mbele ya watu waliosimama getini wiki nzima, kuna mambo mawili yanayotakiwa kusemwa kwanza. La kwanza, wale wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Walikuwa sokoni siku nzima, na jibu lao kwamba hakuna aliyewachukua ndilo jibu la kila jioni la mamia ya watu wa Embakasi. La pili, dinari ilikuwa kiasi cha kulisha nyumba siku moja. Nusu dinari ni watoto kulala njaa. Mwenye shamba alilipa kulingana na tumbo, hakulipa kulingana na saa.

Na hapo kisa kinauma, kwa kuwa waliobeba magunia tangu alfajiri wana haki ya kukasirika. Ukimuuliza kibarua yeyote kama angekubali, atasema hapana, na atasema kwa sauti. Mwalimu asiye na uzoefu hukimbilia kumtuliza. Mwalimu mzuri humwacha na hasira yake kwa muda, kwa kuwa Yesu mwenyewe aliuacha mfano ukiishia kwenye swali la mwenye shamba, bila kutuambia kama walionung'unika walikubali. Ni busara pia kukumbusha, hata kama aliyeketi safu ya mbele ni mwenye kiwanda, kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamtaka kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mahubiri yenye kifungu cha sheria ndani yake si dhambi.

Mfano wa nyumba mbili ni mgumu zaidi hapa, kwa sababu ya mambo yaliyotokea.

Usiku wa tarehe 12 Juni 2017, jengo la ghorofa saba liliporomoka Kware, hatua chache kutoka Pipeline. Nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani na wapangaji wakaambiwa watoke. Wengi walitoka, ila si wote. Mwaka mmoja kabla, 29 Aprili 2016, jengo la Huruma, mtaa mwingine wa Nairobi, lilikuwa limeanguka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40. Tarehe 6 Desemba 2019 ikawa zamu ya Tassia, jirani na Pipeline, ambako watu wasiopungua kumi walikufa. Mwaka baada ya mwaka, mtaa huu umekuwa ukisoma Mathayo 7 kwenye magazeti.

Mathayo anasema kuna aliyejenga juu ya mwamba na aliyejenga juu ya mchanga. Luka, katika sura ya 6, anasimulia kwa namna tofauti kidogo: tofauti ya wajenzi wake ni msingi, mmoja alichimba kwenda chini sana, mwingine akajenga juu ya ardhi tupu. Fundi yeyote wa mjengo ataona kwamba Luka anazungumza lugha yake. Kosa la mjenzi wa Luka ni kutaka kuokoa pesa na muda mahali ambapo jicho la mpangaji halifiki: kina cha shimo, unene wa nondo, kipimo cha saruji.

Lakini kuna jambo ambalo kisa kikihamia Pipeline linageuka. Katika Injili, anayejenga ndiye anayelala ndani. Mpumbavu anaangukiwa na upumbavu wake mwenyewe. Pipeline, anayejenga haishi hapo. Mwenye ploti yuko mtaa mwingine, kodi inakusanywa na ajenti, na anayelala chini ya slabu ni mama mboga na watoto wake watatu. Mhubiri akiusoma mfano huu huku akiwanyooshea wapangaji kidole, kana kwamba wao ndio waliochagua mchanga, anawaongezea mzigo juu ya mzigo. Katika nyumba hizi, swali la nani mjinga na nani mwenye akili lazima liulizwe upya. Pengine mwenye akili wa Kware alikuwa yule wa kwanza aliyeona ufa, akapiga kelele, akagonga milango ya watu waliokuwa wakiandaa chajio.

Hili ndilo somo ambalo wasimulizi wengi hulikwepa: kisa cha kweli kina kona zake, na hakikubali kukatwa ili kitoshee aya. Pale kisipotoshea, ndipo mazungumzo yenye faida huanza.

Deni ni rahisi zaidi kulielezea. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilianza Machi 2007, mikopo ya M-Shwari ikafuata 2012, na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuwezesha kulipa hata salio likiwa sufuri. Hakuna mtu Pipeline anayehitaji kuelezwa maana ya deni linalojikata lenyewe mara pesa zinapoingia. Mathayo 18 inamsimulia mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita. Tuseme kibarua analipwa shilingi 600 kwa siku na dinari ndiyo ujira huo wa siku. Deni la yule wa pili linakuwa shilingi 60,000, pesa inayoweza kumfanya mtu ahame ploti usiku. Deni la yule wa kwanza linakuwa shilingi bilioni 36. Hesabu hiyo ikiandikwa ubaoni, watu huguna kabla mwalimu hajafungua kinywa, kwa kuwa wanaona kwamba mtumishi aliyeomba apewe muda ili alipe alikuwa akiota ndoto mchana.

Si kila kisa cha kale kinahitaji kuvishwa nguo mpya. Mwanamke wa Luka 15 aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi huwavutia walimu wa vijana kuugeuza mfano: amekosea nambari akituma M-Pesa, pesa zimekwenda kwa mtu asiyemjua, anautuma ujumbe kwa 456 ili zirudishwe, zinarudi, anafurahi na jirani. Kinachekesha, lakini kimepungukiwa. Aliyetuma ujumbe kwa 456 anakaa akingoja. Mwanamke wa Luka aliwasha taa, akafagia, akainama kila kona mpaka akaiona. Na mtu wa chumba cha chini Pipeline, asiyeona kitu kilichoanguka uvunguni bila kuwasha tochi ya simu mchana, alikuwa tayari ndani ya kisa kile kabla hakijafanywa cha kisasa.

Kosa la upande wa pili ni kukikamua kisa hadi tone la mwisho. Augustino wa Hippo, katika karne ya tano, aliona kila kitu katika mfano wa Msamaria kuwa alama: nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba hiyo ni mtume Paulo, na kadhalika. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Adolf Jülicher alipinga usomaji wa namna hiyo, akisisitiza kwamba mfano una hoja moja kuu. Wataalamu wameendelea kubishana naye, lakini kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili aliye na dakika ishirini na watoto arobaini, ushauri wa Jülicher bado ni dawa.

Msamaria mwenyewe ana tatizo jingine nchini Kenya. Amekuwa mtu mwema tu, jina la hospitali na makao ya watoto. Uadui umefutika. Kwa Myahudi aliyemsikia Yesu, Msamaria alikuwa mtu wa upande ule, usiyemwalika nyumbani. Katika nchi ambayo zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyingi zikifuata mkondo wa kabila, kuusimulia mfano huu bila kutaja nani ni upande ule ni kuung'oa meno.

Kisa kinachoyarudisha meno hayo kipo, na ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walijua maana ya amri hiyo: Novemba 2014, katika basi jingine la Mandera, watu 28 wasio Waislamu walitengwa na kuuawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewafunika wenzao Wakristo kwa mitandio, na walipotakiwa kusogea kando, wakawaambia wavamizi kwamba ikiwa ni kuua, wawaue wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki mwezi uliofuata, baada ya kutibiwa Nairobi. Kisa hicho kilizaa filamu Watu Wote ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Mhubiri anayethubutu kumtaja Salah Farah anaposoma Luka 10 atawakera baadhi ya waumini. Vizuri. Yule mwanasheria aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani, alipotakiwa ajibu ni yupi aliyekuwa jirani, hakulitaja jina la Msamaria. Alisema tu kwamba ni yule aliyeonyesha huruma.

Mwana mpotevu ndiye pengine aliye karibu zaidi na vijana wa ploti hizi. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, ambaye utafiti wake Pipeline ulitoka kama kitabu mwaka 2024, Migrants and Masculinity in High-Rise Nairobi, alichunguza maisha ya wanaume waliokuja kutoka magharibi ya Kenya na presha ya kutakiwa wafanikiwe: watume pesa nyumbani, walipe kodi, wasomeshe wadogo zao. Wengi wa aina hiyo hawakutapanya mali yoyote. Hawakupewa urithi wa kutapanya. Walikuja na begi moja, wakakosa geti, na sasa wanaogopa kurudi ushago mikono mitupu, Krismasi ya tatu ikipita wakisema kazini hawajapewa ruhusa.

Kijana kama huyo akiambiwa atubu kama mwana mpotevu, hataelewa atubu nini. Akiambiwa kwamba katika kisa hiki baba hakungoja kuhesabu kilicholetwa, kwamba alimwona mwanawe akiwa mbali na kukimbia kumlaki kabla hotuba ya kuomba msamaha haijamalizika, atakaa kitako asikilize. Na kama mzazi wake yuko ushago akisikiliza mfano huo huo katika kanisa la huko Jumapili hiyo hiyo, naye ana lake la kufikiria, pamoja na yule kaka aliyebaki akichunga ng'ombe.

Visa vina nguvu, na kitu chenye nguvu huibwa. Mfano wa mpanzi, ambao Yesu mwenyewe aliufafanua kuwa mbegu ni neno, umegeuzwa na baadhi ya wahubiri wa Nairobi kuwa mwaliko wa kutuma pesa. Panda mbegu, utavuna gari. Novemba 2014 runinga ya KTN ilirusha uchunguzi uliomwonyesha mhubiri mmoja wa jiji akiwataka waumini watume shilingi 310 kwa simu ili waombewe, na miujiza ikitengenezwa kwa dawa iliyobadili maji rangi yakaonekana kama damu. Nchi ilicheka na kukasirika, lakini lugha ya mbegu haikuondoka. Bado inasikika kwenye vituo vya redio usiku. Kipimo chake ni rahisi. Katika mifano ya Injili, msimulizi hapati chochote kutokana na kisa. Ikiwa kila hadithi ya mhubiri inaishia kwenye nambari ya simu yake, msikilizaji ana haki ya kushika mkoba wake.

Lipo pia jambo la adabu, ambalo halifundishwi sana vyuoni. Katika ploti yenye choo kimoja cha pamoja kwa kila sakafu na kuta zinazopitisha kikohozi, hakuna kisa kisicho na mwenyewe. Mhubiri akisema Jumapili kwamba kuna dada mmoja wa ghorofa ya tano aliyefungiwa nyumba kwa kufuli kwa sababu ya kodi, jina hajalitaja, lakini nusu ya kanisa inageuka kumtazama. Ushuhuda wa mtu aliyepona ugonjwa, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyeingia kwenye genge, haya ni mali ya mtu kabla hayajawa mfano. Yesu hakuwataja majirani zake wa Nazareti kwa namna ya kutambulika. Karibu watu wote wa mifano yake ni mtu fulani, mwanamke fulani, tajiri fulani.

Kwa walimu wa Shule ya Jumapili, viongozi wa jumuiya na wahubiri wa mtaa huu, ombi ni moja. Kisa cha jirani kikikugusa na ukataka kukitumia, panda ngazi, bisha hodi saa za heshima, ukamwombe ruhusa mwenyewe. Akikataa, kiache. Injili ya Luka peke yake ina mifano zaidi ya ishirini.